Mwaka Ule Mgongo wa Mama Ulipovuma

Wewe unayenisikiliza, tafuta mahali palipotulia ukae, kwa sababu habari ninayokupa ni habari ya sauti, na sauti haipendi kusimuliwa sokoni. Kama unaendesha gari utanielewa upesi. Kama huendeshi usijali, nitakwenda taratibu, na kila kifaa nitakachokitaja nitakueleza kazi yake. Mwezi uliopita tulimzika kaka yangu Salumu. Baada ya hitma, wakati sisi wanawake tunasuuza masinia uani, niliwasikia wanaume upande wa pili wa turubai wakizungumza magari, kama wanaume wanavyozungumza msibani wakishachoka kunyamaza. Mmoja akasema, "Jamani, marehemu na lile gari lake jeupe! Ukiwa kijiweni kando ya lami, unajua Salumu huyo anapita." Mwingine akadakia, "Hata kuku walikuwa wanamjua." Wakacheka, wakamwombea rehema, wakacheka tena. Kisha sauti ya tatu, ya mtu aliyekuwa mgeni pale mtaani, ikauliza, "Kwani lilikuwa na ugonjwa gani?" Hakuna aliyejua. Nilisimama na sinia mkononi maji yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu katika watu wote waliokuwa nyumbani mle, aliyekuwa analijua jibu nilikuwa mimi peke yangu.

Sitakueleza tumetoka wapi wala nani alimzaa nani, hayo yana watu wake. Nakupeleka moja kwa moja sebuleni kwetu Mbagala, mwaka niliomaliza masomo nikawa nipo nyumbani nasubiri nisichokijua. Sebule ilikuwa ndogo, ina dirisha moja lililotazama uchochoro, pazia la kijani, na kochi la mtu mmoja ambalo ndilo lililokuwa kitanda cha Mama. Alikuwa hawezi tena kulala chali. Daktari alitueleza vizuri, na mimi nitakueleza alivyotueleza: moyo wa Mama ulikuwa umetanuka na umechoka kusukuma, kwa hiyo maji yaliyopaswa kutoka mwilini yalikuwa yanabaki, miguuni na kifuani, na akilala chali yanamfuata mapafuni. Basi alilala ameketi, mito nyuma, mito pembeni, miguu juu ya stuli. Asubuhi nilimpikia uji wa ulezi. Mchana samaki wa kuchemsha na ndimu bila chumvi, kwa sababu chumvi ilikatazwa, na kila siku aliutazama mchuzi ule kwa adabu kama anatazama mgeni asiyemkumbuka jina. "Zuhura," aliniambia siku moja, "umepika vizuri sana. Maji yameiva." Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikula akamaliza, akasema alhamdulillahi, akaniomba maji ya kunawa. Ndivyo alivyokuwa Mama. Jambo baya hakulisema kwa jina lake kama kulikuwa na njia nyingine ya kupita.

Kliniki ilikuwa mjini, kila wiki. Bajaji ilimtikisa mara moja tu akafika hana rangi, tukaapa kutorudia. Hapo ndipo Salumu, aliyekuwa karani katika yadi ya makontena Kurasini, alipotafuta gari. Lilikuwa gari dogo jeupe la Kijapani lililokwisha kutumika na watu wengi kabla yetu, na alilinunua kwa ajili ya Mama, si kwa ajili ya kitu kingine chochote. Siku alipolileta aliliegesha uchochoroni likaziba njia, akaja kumshika mkono Mama hadi mlangoni alione. Mama akalitazama kutoka taa za mbele mpaka za nyuma. "Mashallah," akasema. "Limekaa kama la watu." Salumu alifurahi wiki nzima kwa maneno hayo. Mahali pa Mama palikuwa kiti cha nyuma upande wa kulia, nyuma ya dereva, ili aegemee mlango. Tulimpangia mito miwili mgongoni na mmoja ubavuni. Mimi nilikaa kushoto kwake na kopo la kutapikia, chupa ya maji na mkoba wa dawa. Gari lile ndilo lililokuwa njia yetu. Nataka ulikumbuke hilo kila nitakaposema neno gurudumu: likisimama, Mama hafiki, na asipofika maji yanapanda.

Sauti ilianza baada ya masika, baada ya siku ile tuliyovuka dimbwi lililofika mpaka kwenye milango. Mwanzoni ilikuwa ndogo. Tukiwa kwenye vumbi la mtaani kwetu haikusikika kabisa. Tukishaingia Barabara ya Kilwa na Salumu akaongeza mwendo, inaanza, inakua, inakuwa nene. Akipunguza, inapungua. Salumu aliinamisha kichwa kuelekea kwenye usukani kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. "Unasikia?" ananiuliza. "Nasikia." "Mbele kushoto, eti?" Nasikiliza. "Labda." Tukipita Mtoni, malori ya makontena yakawa yanatuzunguka kila upande, sauti zao zinaifunika ya kwetu, na mimi najikuta nafurahi kwa kutoisikia, kisha lori linapita na ile yetu inarudi. Nilikuwa nawaza gurudumu linachomoka. Nawaza linatutangulia barabarani, linavuka mtaro, na Mama amekaa na mito yake anauliza mbona tumesimama. Salumu hakusema anawaza nini, ila alianza kuendesha polepole mno, hata wenye pikipiki wakawa wanatugeukia kututazama.

Hapa inabidi nikusimamishe kidogo nikueleze jambo la lugha, kwa sababu lugha ndiyo iliyotupoteza. Gari lina sauti nyingi, na Kiswahili kina neno kwa kila moja. Breki zilizokwisha zinalia, sauti nyembamba ya juu. Kifaa kilicholegea chini kinagonga unapopita shimo. Bati linalogusana na kitu linakwaruza. Na kuna sauti nyingine, nene, isiyokatika, inayopanda na mwendo kama feni kubwa iliyowashwa chumba cha pili, hiyo inavuma. Maneno hayo tunayo sote tangu utotoni. Lakini sisi watu wa Dar, gari likitoa sauti yoyote, tunasema neno moja tu: linalia. Salumu naye alikwenda kwa mafundi na neno hilo.

"Inalia vipi?" aliuliza fundi wa kwanza, aliyekuwa na banda karibu na soko.

"Inalia tu."

"Inalia kama nini, braza?"

"Kama... fundi, inalia. Ukikimbia ndiyo inalia."

Fundi akakubali kwa kichwa kama amekwisha kuelewa, akabadilisha pedi za breki za mbele. Hakuwa mjinga. Aliambiwa gari linalia, akatibu kilio. Wiki iliyofuata tukarudi barabarani, na sauti ikatupokea palepale tulipoiacha. Fundi wa pili akabadilisha shokapu, vile vyuma vinavyopunguza mtikisiko. Salumu akaona maneno yamemshinda, akarekodi kwa simu yake ya mchina akiendesha, akaenda kumsikilizisha fundi wa tatu, Fundi Mapunda, mtu mpole mwenye gereji ya mabati njia ya kwenda kwetu. Nilikuwepo. Fundi Mapunda aliweka simu sikioni muda mrefu, akafumba macho.

"Hii feni," akasema.

"Siyo feni, fundi. Gari hiyo."

"Basi gari yako ina feni nzuri sana. Mie ya kwangu imeungua tangu mwezi wa Ramadhani, niuzie hiyo."

Vijana wa gereji wakaangua kicheko. Salumu naye alicheka, lakini tulipoondoka aliniambia, "Zuhura, nikifa na huyu mgonjwa barabarani, watasema nilirekodi feni." Alikuwa hacheki tena.

Na kuna jambo jingine, la desturi, ambalo huenda hata wewe unalifanya. Mtu wa mjini kwetu hapeleki gari gereji likiwa na vitu ndani. Gari likilala kwa fundi hujui litaamka na nini. Kwa hiyo kila mara Salumu alikuwa anamleta Mama nyumbani kwanza, tunamshusha, tunamwingiza sebuleni, tunamkalisha kwenye kochi lake. Kisha anatoa mito, anatoa mazulia ya miguuni, anafungua buti anatoa jeki na tairi la akiba, anavipanga ukumbini. Ndipo anakwenda gereji na gari jepesi kama kopo. Isitoshe, mgonjwa hapelekwi mahali pa oili na matusi ya vijana. Fundi Mapunda analichukua gari tupu, analizungusha uchochoroni, gia ya pili, mashimo huku na huku, anarudi. "Braza, mie sisikii kitu." Na kweli hakusikia. Tukawa tunaonekana kama watu wanaoota.

Wakati huohuo Mama alikuwa na lalamiko lake. Ilianza wiki zilezile. Tukiwa njiani, yupo ameegemea mlango, macho nje, anasema kwa sauti ya chini, kama hataki kumsumbua mtu: "Leo mgongo wangu unavuma."

"Pole, Mama," nilimwambia.

"Nishapoa. Nasema tu. Hapa nyuma upande huu, panavuma."

"Tutamwambia daktari."

Akanitazama, akamtazama Salumu kisogoni, akarudisha macho nje. Wiki nyingine tena: "Mgongo unazidi." Nikamwekea mto wa tatu. "Si mto," akasema, "lakini ahsante." Tulipofika kliniki nilimweleza daktari, kijana mwenye subira ambaye alikuwa anaandika na kusikiliza kwa pamoja. "Mama anasema mgongo wake unavuma, upande wa kulia." Mama akasema haraka, "Aa, si sana, daktari, msihangaike." Daktari akamfungua kanga mgongoni, akaweka kile kipimo cha kusikilizia, akahamisha, akahamisha. "Vuta pumzi, mama. Tena. Tena." Kisha akaniambia, "Kuna maji chini ya mapafu. Umefanya vizuri kusema." Akaongeza vidonge vya kutoa maji. Kwa hiyo unaona ilivyokuwa: hatukukosea moja kwa moja, na ndiyo maana kosa lenyewe likadumu. Mtu akikosea kabisa anagundua mapema. Sisi tulikuwa na maji ya kweli kifuani na sauti ya kweli barabarani, na neno moja likatutosha kwa vyote viwili.

Vidonge vipya vilimwendesha chooni kutwa. Nilikuwa namshika kwapani tunavuka ukumbi, tunaruka jeki na tairi la akiba lililokuwa limelazwa pale, tunarudi, tunakaa, tunainuka tena. Dirishani majirani walikuwa wanapita na mazungumzo yao. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Gari la kina Salumu halina muda, hilo," na mwenzake akajibu, "Na mama yao je?" wakawa wameshapita, sikusikia lililofuata. Mama alikuwa amesikia pia. Alikuwa anakunja kona ya kanga yake, anaikunjua. "Wanasema gari," akaniambia, kama mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya jua kali. Tulikuwa tunatoka kliniki, na sauti ilikuwa imekua kiasi kwamba tulikuwa tunazungumza kwa kupaza. Tulipokaribia gereji ya Fundi Mapunda, Salumu akapunguza mwendo, akapiga breki, akazima gari. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. "Silipeleki nyumbani hili," akasema. "Siwezi. Sina hakika litafika." Fundi Mapunda akaja akifuta mikono kwa tambara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Karibu."

Salumu akanigeukia. "Mshushe Mama akae pale kwenye benchi, fundi apate kulijaribu gari."

"Mie sishuki," akasema Mama. Alisema taratibu, lakini hatukuwa tumezoea kumsikia akikataa. "Miguu hii ikishuka haipandi tena. Mwacheni fundi aendeshe, mie nipo."

Fundi Mapunda alisita. Aliona aibu kumwendesha mama wa watu akiwa na nguo za oili. Akatandika gazeti kwenye kiti cha dereva, Salumu akahamia pembeni yake, tukaondoka sote wanne. Nasi tulikuwa njiani, si uchochoroni, kwa hiyo akatupeleka kwenye lami, akakanyaga mafuta. Sauti ikaja. Nilimwona Fundi Mapunda akinyanyua kidevu.

"Ala! Inavuma hii!"

Hakusema inalia. Alisema inavuma. Salumu akasema, "Si ndiyo nilikwambia?" Fundi akajibu, "Uliniambia inalia!" wakaanza kubishana, mbele kushoto, hapana mbele kulia, hapana ni giaboksi, kila mmoja anainamia upande wake. Walibishana mpaka fundi akachoka. Ndipo, labda kwa heshima tu, kwa sababu haikuwa adabu wanaume wawili kupiga kelele mbele ya mtu mzima bila kumshirikisha, akasema kupitia kioo cha ndani, "Samahani, mama. Eti wewe huko nyuma unaisikia wapi?"

"Hapa mgongoni kwangu, baba," akasema Mama. "Upande huu wa mlango. Ukikata kona kushoto inazidi. Ukikata kulia inapoa. Na tukiwa wengi ndani ni mbaya zaidi. Ilianza tulipovuka yale maji."

Fundi Mapunda akajaribu kuyumbisha gari kidogo kushoto, sauti ikanenepa. Akaliyumbisha kulia, ikapoa. Salumu akageuka na mwili mzima.

"Mama. Kwa nini hukusema?"

"Nimesema," Mama akajibu. "Kila wiki nasema. Nasema mgongo unavuma."

"Mgongo, Mama! Si gari!"

"Sasa nikwambie gari lako bovu? Umelinunua kwa ajili yangu, nikae humo ndani nikwambie bovu?"

Nimeyageuza maneno hayo kichwani miaka mingi. Mtu aliyekulia kwetu atamwelewa Mama bila maelezo: zawadi haitiwi kasoro na aliyepewa. Ukiona kiti kina msumari, unasema leo sijakaa vizuri. Alikuwa na neno sahihi tangu mwanzo, neno lile lile alilolihitaji fundi, na sisi tulilichukua tukalipeleka kwa daktari. Mwaka jana, Salumu alipoanza kuumwa, mimi ndiye niliyekuwa namchukua kwenye gari langu. Siku moja akaniambia, "Zuhura, kiti chako hiki kibovu, kinaniuma kiuno." Nikakisogeza nyuma, nikakilaza kidogo, tukaenda. Kisha nikawasha taa ya pembeni, nikaegesha. "Kaka," nikamwuliza, "ni kiti au ni wewe?" "Wewe nawe," akasema, akacheka kidogo. "Ni mie." Tukaenda kupima. Kujua hakukutuletea dawa, lakini tangu siku ile hakuwa na haja ya kukisingizia kiti.

Narudi gereji. Fundi Mapunda alinyanyua gurudumu la nyuma kulia kwa jeki, Mama akiwa bado ndani, ameelekezwa ashike mlango. Nitakueleza alichofanya, kwa kuwa na wewe unaweza kukifanya. Alishika tairi juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa, lilicheza. Kisha akalizungusha kwa mkono, na mkono wa pili akauweka kwenye springi iliyo nyuma yake, akaniita. "Sista, weka mkono hapa." Nikauweka. Chuma kilikuwa kinatetema kama paka anayekoroma. Katikati ya kila gurudumu, akanieleza, pana beringi: bangili mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na baina yake gololi zinazoelea kwenye grisi. Kazi yake ni kubeba uzito huku gurudumu linazunguka. Maji yakiingia, grisi inaondoka, gololi zinakwanguana na chuma, na uzito ukiongezeka zinalalamika zaidi. Ndiyo maana gari tupu lilinyamaza. Uliokuwa unakosekana gereji ni uzito wa Mama, na mito yake, na mimi pembeni yake, na tairi la akiba. Tulikuwa tunaushusha ugonjwa nyumbani halafu tunampelekea fundi gari zima. Salumu alipanda pikipiki kwenda Kariakoo kutafuta beringi, na tulimsubiri hapohapo. Vijana wa gereji walipunguza matusi yao mpaka wakabaki hawana la kusemezana. Mmoja akamletea Mama chungwa lililomenywa. Alilinyonya polepole, akasema ni tamu, na nadhani hilo lilikuwa kweli.

Wiki iliyofuata tulikwenda kliniki kwa gari lililonyamaza. Hujui ukimya huo mpaka uwe umeishi na kelele. Tuliingia Barabara ya Kilwa, Salumu akaongeza mwendo, akasubiri, hakuna. Akaongeza, hakuna. Alipiga usukani kwa kiganja, akacheka kwa sauti, akasema, "Umesikia, Zuhura? Umesikia?" Nikasema nasikia, tukawa tunaucheka ukimya. Halafu kicheko chetu kikaisha, na katika ule utulivu tukasikia kitu kingine. Kilikuwa kinatoka nyuma upande wa kulia. Kilikuwa kama mtu anayevuta maji ya mwisho kwenye glasi kwa mrija, kinapanda, kinakatika, kinapanda. Kilikuwepo siku zote hizo, na gari lilikuwa limekifunika.

Salumu alikisikia pia. Niliona mabega yake. Hakugeuka. Tulipita Mtoni, malori yakatuzunguka, yakapita. Mwishowe akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "Mama, mgongo bado unavuma?"

Mama alikunja kona ya kanga yake, akaikunjua. Nadhani alikuwa anatafuta ile njia yake nyingine ya kupita, na safari hii hakuiona.

"Gari limenyamaza, mwanangu," akasema. "Huu uliobaki ni wangu."

Salumu alinyoosha mkono akafungua redio. Ikapiga wimbo wa harusi. Mama akamwacha kidogo, kisha akasema, "Zima, baba," naye akaizima. Tukaendelea hivyo mpaka mjini, kwa mwendo mzuri, magurudumu yote manne yakizunguka bila neno, na hakuna mmoja wetu aliyejua la kufanya na mikono yake ila dereva. Tulifika mapema. Daktari alisikiliza mgongo wake muda mrefu kuliko siku nyingine, akaandika, akaongeza, akapunguza. Gari halikutuangusha hata mara moja tena. Mama alifariki mwaka huohuo kabla haujaisha, asubuhi, kwenye kochi lake, ameketi.

Basi hilo ndilo jibu nililokuwa nalo uani na sinia mkononi: beringi ya nyuma kulia. Sikulisema. Wanaume walikuwa wameshahamia kwenye mazungumzo ya mpira. Nimeona bora nikwambie wewe. Siku gari lako likianza kuvuma, usishushe mtu wala mzigo. Nenda nalo kwenye lami kama lilivyo, pandisha vioo, shika mwendo mmoja, kisha mwulize aliyekaa nyuma anasikia nini, na umwache amalize kusema.